Bwawa Likishajaa, Ukingo ni wa Nani?

Basi litokalo Dodoma kwenda Iringa halipiti kando ya bwawa la Mtera, linapita juu yake. Barabara imelazwa mgongoni mwa tuta: upande mmoja maji yametanda mpaka macho yanachoka, upande wa pili ni korongo la mawe. Mara ya kwanza nilipopita hapo nilitoa simu nipige picha. Mzee niliyekaa naye akanigusa mkono. "Bwana mdogo, irudishe hiyo. Hapa hawapendi picha." Shikamoo nilikuwa nimempa tangu stendi ya Dodoma, kwa hiyo nikatii bila swali. Dereva akapunguza mwendo, tukavuka, akaongeza mwendo, na muda si mrefu wachuuzi wa samaki wakawa wanagonga madirisha. Ziwa ambalo likijaa hufikia kilomita za mraba 600 hivi nililiona kwa muda wa kuhesabu mpaka hamsini.

Mzee yule hunijia akilini kila kiongozi anapozindua bwawa, hapa kwetu au kwa jirani, na kuorodhesha faida zake: umeme, umwagiliaji, uvuvi, utalii. Orodha hiyo haibadiliki, na neno la mwisho hutamkwa haraka kama jina la mgeni aliyechelewa kufika harusini. Umeme una megawati zake na umwagiliaji una hekta zake. Utalii unabaki neno tu. Hakuna anayesema ni nani atakayeketi kando ya maji hayo siku ya Jumapili na watoto wake, ataingilia njia gani, kwa ruhusa ya nani, na kama siku hiyo maji yenyewe yatakuwa bado yapo pale.

Ninavyoliona mimi, raha ya bwawa haitokani na uzuri wa maji wala na hoteli. Inatokana na ukingo: uko wapi, unahama kiasi gani, na nani ana haki ya kuukanyaga. Hayo yote huamuliwa kabla mto haujazibwa. Yasipoamuliwa, hujiamua yenyewe, na kwa kawaida hujiamua vibaya.

Tuanze na jambo ambalo mhandisi analijua na mtalii halijui. Bwawa si ziwa. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kwa majira yake, lakini hakuna mtu anayelifungulia bomba. Bwawa ni tangi; limejengwa kwa makusudi lijae masika na lipungue kiangazi, na tangi lisilopungua ni tangi lisilotumika. Mtera yenyewe ilipokamilika mwaka 1980 haikuwa na mtambo hata mmoja. Ilikuwa akiba ya Kidatu, kituo kilichokwisha kuanza kuzalisha umeme mwaka 1975 chini zaidi ya mto huohuo wa Ruaha Mkuu. Mtambo wa Mtera wa megawati 80 ulikuja baadaye, mwaka 1988. Kina chake kinaruhusiwa kucheza kati ya mita 690 na mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kikishuka chini ya 690, mitambo huzimwa, kikipita 698.5, maji hufunguliwa yaende.

Mita nane na nusu ni kama nyumba ya ghorofa mbili. Ndani ya korongo lenye kuta za mwamba, tofauti hiyo huonekana kama mstari mweupe ukutani tu. Mtera imekaa kwenye tambarare kavu. Piga hesabu ndogo: pale ardhi inapoteremka mita moja katika kila mita 200, maji yakishuka mita tano ukingo umehama kilomita nzima. Aliyefungua banda lake la samaki wa kukaanga pale mawimbi yalipoishia mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja anatazama tope lililopasukapasuka. Na tope hilo haliachwi likae bure. Ardhi inayoachwa na bwawa ina rutuba na unyevu, kwa hiyo anakuja mwenye jembe, na nyuma yake anakuja mwenye ng'ombe. Kipande kimoja cha ukingo kinakuwa na wenyewe watatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mmoja anaapa kwamba ni chake. Mpe sasa mwekezaji hati ya kujenga nyumba za wageni mahali hapo, uone kesi itakavyoanza.

Mwaka 2006, maji yaliposhuka mno na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme, wengi walilijua jina la Mtera kwa mara ya kwanza. Lawama zilielekezwa juu ya mto, kwa wafugaji na wakulima wa mpunga wa Usangu, na mto Ruaha Mkuu kwa kweli ulikuwa umeanza kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu mwaka 1993. Ubishi wa nani aliyemaliza maji ni mrefu na una makala zake. Kinachonihusu hapa ni kwamba katika mijadala yote ile bwawa lilitajwa kwa kipimo kimoja, mita ngapi zimebaki kabla ya mitambo kuzimwa, utadhani hakuna binadamu anayeishi kando yake.

Wamarekani waliuona ukingo mapema. Bwawa la Hoover, kwenye mto Colorado, lilijengwa kuanzia mwaka 1931 na kuzinduliwa Septemba 1935. Mwaka uliofuata tu, maji ya Lake Mead yakiwa bado yanapanda, eneo lote la kandokando lilikabidhiwa mamlaka ya hifadhi za taifa lisimamiwe kama mahali pa mapumziko ya umma. Ukingo ukapata mwenyewe mmoja anayejulikana, mwenye jukumu la kutengeneza njia za kushushia boti, vyoo, sehemu za kupiga kambi na askari wa uokoaji. Leo wanafika mamilioni kila mwaka. Lakini hata wao tangi limewakumbusha kuwa ni tangi. Kati ya mwaka 2000 na 2022 maji yalishuka zaidi ya mita 50, njia nyingi za boti zikabaki zikiishia juu ya mchanga, na mji wa St. Thomas, uliomezwa na maji mwishoni mwa miaka ya 1930, ukaonekana tena na misingi yake ya nyumba. Kuna watu waliokwenda kuogelea wakajikuta wanatembelea magofu.

Kwa Afrika, shule kubwa ya jambo hili ni Kariba, nami nitakaa hapo kidogo.

Ukuta uliouzuia mto Zambezi ulijengwa kati ya mwaka 1955 na 1959, enzi za Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Aliyeuchora ni mhandisi Mfaransa, André Coyne. Waliomwaga zege ni kampuni ya Italia, Impresit. Una kimo cha mita 128 na urefu wa mita 617, na Mei 1960 mama yake Malkia Elizabeth alikuja kuufungua. Maji yaliyo nyuma yake yana urefu wa kilomita 280 na eneo linalopita kilomita za mraba 5,000. Chukua kisiwa cha Unguja mara tatu, na bado kitabaki kipande cha maji.

Chini ya maji hayo palikuwa na mashamba ya Watonga, waliolima ukingo wa mto mara mbili kwa mwaka, mara moja kwa mvua na mara ya pili kwa unyevu ulioachwa na mafuriko. Watu wapatao 57,000 walihamishiwa nchi ya juu, kavu na yenye mawe. Mwaka 1958, upande ambao leo ni Zambia, wanakijiji waliokataa kuondoka walipigwa risasi na polisi, wakafa wanane. Maji yalipoanza kupanda na wanyama kukwama visiwani, zilichangishwa fedha, yakaletwa maboti, na askari wa wanyamapori Rupert Fothergill na wenzake wakaokoa wanyama wapatao 6,000 katika kazi iliyopewa jina la Operesheni Nuhu. Dunia ililia kwa ajili ya swala. Wanyama walipata safina, Watonga walipata malori.

Watonga wanasema mto huo una mwenyewe, Nyaminyami, mwenye kiwiliwili cha nyoka na kichwa cha samaki, na kwamba hakupenda kutenganishwa na mkewe kwa ukuta. Mwaka 1957 mafuriko makubwa yalivamia ujenzi. Mwaka 1958 yakaja makubwa zaidi. Wahandisi walikuwa na maelezo yao, wazee walikuwa na yao. Leo Nyaminyami huchongwa kwenye fimbo za kutembelea na kuuzwa kwa wageni. Sijui kama kuna kisasi kibaya zaidi ya hicho kwa mungu wa mto: aliyetaka kuubomoa ukuta sasa anauzwa kama kumbukumbu ya kuutembelea.

Na wageni wanakwenda kwa wingi. Upande wa Zimbabwe kuna hifadhi ya Matusadona, kuna mashindano ya kuvua samaki aina ya tiger ambayo huvuta wavuvi kutoka nje ya nchi, na zaidi ya yote kuna nyumba zinazoelea, boti za ghorofa mbili au tatu zenye vyumba, jiko na mpishi. Hizi nyumba nazipenda kama wazo, kwa sababu ndizo jibu pekee nililoliona kwa ugonjwa wa ukingo unaohama. Hoteli ya matofali husubiri maji yarudi. Nyumba ya kuelea huyafuata yalipo. Ukame wa mwishoni mwa mwaka 2022 ulionyesha hilo wazi. Zimbabwe iliamriwa isimamishe uzalishaji upande wake kwa kuwa maji ya kuzungushia mitambo yalikaribia kwisha, miji ikakaa gizani, lakini ziwa lenyewe halikuwa limekauka hata kidogo. Mdomo wa kuingizia maji mitamboni uko juu, na chini yake hubaki zaidi ya nusu ya maji yote ya Kariba. Bwawa lililo tupu kwa mhandisi lina maji tele kwa mvuvi na kwa mwenye boti. Wanaoandika habari za mabwawa wangelikumbuka hili kabla ya kutangaza kwamba ziwa limekufa.

Kariba ina deni kwetu pia, na ni deni tamu. Baada ya kujaa, ziwa lilikuwa na sehemu kubwa ya katikati isiyokuwa na samaki wa kuishi humo, kwani samaki wa mto wamezoea kingo. Mwaka 1967 na 1968 dagaa kutoka Ziwa Tanganyika walisafirishwa na kumwagwa Kariba. Wakazaana, wakaitwa kapenta, na sasa ndio kitoweo cha Lusaka na Harare, wanaovuliwa usiku kwa taa kama wavuliwavyo Kigoma. Wengine wakapita ndani ya mitambo wakiwa hai, wakashuka na Zambezi mpaka Cahora Bassa nchini Msumbiji, wakaanzisha maisha huko bila kualikwa na mtu.

Kwa hiyo Kariba ilifanikiwa? Inategemea unauliza ukiwa umesimama wapi. Kukodi nyumba ya kuelea kwa siku chache ni gharama ambayo mjukuu wa Mtonga aliyehamishwa hawezi kuiota, na kwa miaka mingi nyaya za umeme wa Kariba zilipita juu ya vijiji vya wenyewe bila kushuka. Kuna jambo moja hata hivyo walilifanya vizuri, na halitajwi sana: kabla ya maji kuja, maelfu ya hekta za msitu yalifyekwa ili nyavu zisinase na boti zisigonge. Ghana hawakufanya hivyo kwa kiasi cha kutosha pale Akosombo, bwawa la mwaka 1965 lililozaa Ziwa Volta lenye kilomita za mraba 8,500. Visiki vya miti iliyozama vimepasua boti za abiria huko na kuua watu mpaka miaka ya hivi karibuni. Kisiki kinakaa chini ya maji miongo kadhaa kikisubiri tu kina kipungue.

Akosombo ilifundisha na somo la pili, la kichocho. Mto unaokimbia haumpendi konokono anayebeba vimelea vyake. Maji yaliyotulia yenye majani ukingoni ndiyo nyumba yake. Miaka michache baada ya ziwa kujaa, watoto wengi mno wa vijiji vya kando walikuwa wanakojoa damu. Huku kwetu, yeyote aliyekulia karibu na lambo la mifugo au bwawa la umwagiliaji anajua onyo la mama: usiingie majini. Watoto huingia. Hapo ndipo starehe ya bwawa inapoacha kuwa suala la utalii na kuwa suala la zahanati. Mahali pakiandaliwa, majani yakang'olewa, mchanga ukamwagwa na choo kikajengwa karibu, hatari hupungua sana, na mahali pa namna hiyo hugharimu fedha kidogo kuliko sherehe ya uzinduzi.

Wapo watakaosema nazungumzia bwawa kama mleta raha, na kusahau kwamba huweza kuwa mwizi wa raha. Ni kweli, na ushahidi upo Jinja. Tangu miaka ya 1990 vijana wa Uganda na wageni walikuwa wakiteremka na mto Nile kwa boti za mpira kwenye maporomoko ya Bujagali, na mji mzima ukajipatia ajira: waongoza boti, wapishi, wabeba mizigo, bodaboda. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali la megawati 250 lilikamilika na maporomoko yakalala chini ya maji, pamoja na makao ya mzimu ambao Wasoga waliuheshimu pale kwa vizazi. Biashara ikahamia chini ya mto. Mwaka 2019 bwawa la Isimba, megawati 183, likaifuata hukohuko na kuzamisha maporomoko mengine. Uganda ilihitaji umeme, sibishi. Nabisha hesabu iliyoandika faida ya utalii wa bwawa jipya bila kuandika utalii uliouawa. Maji yaliyotulia ya Bujagali yana uzuri wake, na watu hupiga makasia humo, lakini hakuna aliyepanda ndege kutoka mbali kuja kuyaona.

Nairobi ina kaburi lake. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 kwenye mto Ngong, kati ya Lang'ata na Kibera, kiasi cha ekari 88, liwe akiba ya maji ya jiji. Likageuka uwanja wa wikendi. Wanachama wa klabu ya mashua walipandisha matanga, watu wakavua samaki, na picha za zamani zinaonyesha maji maangavu ambayo kijana wa leo wa Nairobi ataapa kuwa ni Naivasha. Juu ya mto, Kibera ilikuwa ikikua bila mabomba ya majitaka na bila gari la taka. Kila mvua iliposhuka, mto ulileta kila kitu. Tope likapandisha sakafu, kinyesi kikalisha magugumaji, magugumaji yakafunika uso mzima, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mashua hazikuwa na pa kwenda. Sehemu za bwawa zikawa mashamba. Waliobaki na jina ni wakazi wa mtaa wa jirani unaoitwa Nairobi Dam, ambako mgeni huuliza dam yenyewe iko wapi.

Ni rahisi kuwalaumu watu wa Kibera, na wengi wamewalaumu. Mimi naona kosa kwenye mgawanyo. Waliokuwa na ukingo hawakuwa na mto, na waliokuwa na mto hawakuwa na ukingo. Mtoto wa Kibera hakuwahi kuketi pale kwenye mashua; bwawa kwake lilikuwa mahali uchafu unapokwenda. Mtu hulinda kisima anachokitekea. Laiti upande mmoja wa ukingo ungekuwa bustani ya watu wa Kibera tangu miaka ya 1960, pengine kelele za kudai mabomba ya majitaka zingeanza mapema, na zingetoka kwa watu wengi zaidi ya wanachama wa klabu.

Linganisha na Ndakaini, kaunti ya Murang'a, bwawa lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, ambalo ndilo linalonywesha sehemu kubwa ya Nairobi. Kuogelea hakuruhusiwi, na ni haki: haya ni maji ya kunywa. Lakini barabara inayozunguka vilima vya chai kando ya maji imekuwa njia ya mbio za nusu marathoni, na wakimbiaji wenye majina wamekimbia humo pamoja na wanakijiji, huku upandaji miti katika mabonde ya juu ukitangazwa siku hiyohiyo. Raha ya bwawa si lazima iloweshe mguu.

Masinga ipo katikati ya hayo mawili. Ni bwawa la juu kabisa katika ngazi ya mabwawa matano ya mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, lenye kilomita za mraba 120 likijaa, na kazi yake kubwa ni kuhifadhi maji ya masika yazungushe mitambo ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi ilijenga hoteli pale, juu ya kilima, na watu wa Machakos, Embu na Nairobi hufika kupanda boti na kutazama viboko kwa mbali. Mamba wapo pia, kwa hiyo hakuna anayeshauriwa kuogelea. Adui wa Masinga ni udongo mwekundu unaoteremka kutoka mashamba ya Murang'a na Nyeri. Umeingia haraka kuliko walivyotarajia waliolichora, na kila tani ya udongo inachukua nafasi ya maji. Bwawa lililopungua tumbo hufurika upesi. Mwaka 2018, 2020 na 2024 Masinga ilijaa ikamwaga, na waliopo chini, Garissa na Tana River, waliokwisha kuloweshwa na mvua, wakaambiwa wahame. Mgeni wa hotelini alipiga picha ya maji yakiruka kwenye njia ya kumwagia, picha nzuri kweli, na mwenzake wa Garissa alikuwa amebeba godoro kichwani.

Mabwawa madogo nayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayotumiwa na watu wengi. Hombolo, nje ya Dodoma, limekuwepo tangu miaka ya 1950, na watu wa mjini hulifuata kwa samaki wa papo hapo na upepo. Nyumba ya Mungu, lililozuia Pangani katikati ya miaka ya 1960, lilivuta wavuvi kutoka pande zote za nchi, likavuliwa kupita kiasi ndani ya miaka michache, na halijarudia tena ule utajiri wa mwanzo. Ukipita kijiji chake kimoja jioni utakuta kila kitu kinachohitajika kwa starehe: upepo, perege wa kukaanga, muziki, machweo. Kinachokosekana ni gati salama, jaketi okozi kwenye mtumbwi, na mtu wa kukuuliza nani amekupa ruhusa ya kukokota kokoro hapo. Hata Oman, nchi isiyo na mto wa kudumu, wamelifikiria hili: juu ya bwawa la Wadi Dayqah, kule Qurayyat, wameweka bustani na mahali pa kutazamia, na likifurika ndugu zetu wa Muscat hutumiana video siku nzima.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa, bahari na mabwawa. Ni kifungu kizuri chenye tundu moja kubwa. Mita 60 kutoka wapi? Kwenye ziwa la asili swali hilo ni dogo. Kwenye bwawa ambalo ukingo wake husafiri kilomita moja kati ya masika na kiangazi, anayepima mwezi wa nne na anayepima mwezi wa kumi wanapata mistari miwili isiyojuana, na katikati ya mistari hiyo ndipo rushwa, ugomvi na vibanda huota. Kipimo kingefungwa kwenye alama ya juu kabisa ya maji ya bwawa lenyewe, namba ambayo kila msimamizi wa bwawa anayo mezani kwake, ubishi mwingi ungekwisha asubuhi moja.

Naliandika hili sasa kwa sababu ya Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, ambalo Rais Samia Suluhu Hassan aliruhusu lianze kujazwa tarehe 22 Desemba 2022 na ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi Februari 2024, ni la mitambo tisa na megawati 2,115. Ziwa lake lina urefu wa kilomita 100 hivi. Mitambo huhitaji maji yasishuke chini ya mita 163 juu ya usawa wa bahari, na bwawa hujaa kwenye mita 184. Mita 21 za kupanda na kushuka, zaidi ya mara mbili ya Mtera, na kwa sehemu kubwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako mtu haingii bila kibali na ada. Ukiachia mambo yajiendee, matokeo yake hayahitaji mganga wa kupiga ramli: hoteli chache za bei ya dola juu ya vilima, wavuvi wa kuiba usiku, na mtu wa Kibiti au Rufiji, aliyeona nyumba na mpunga wake vikizama kwenye mafuriko ya Aprili 2024, akilijua ziwa hilo kwa habari za redioni tu.

Hifadhi haizuii mpango. Inaurahisisha, maana ardhi bado haijagawanywa kwa mtu. Wizara tatu, ya nishati, ya maji na ya maliasili, zikae meza moja na ramani moja ya mita 184. Wachague sehemu mbili au tatu za umma ambazo mteremko wake ni mkali, ili ukingo usihame mbali. Wafyeke visiki hapo wakati maji yako chini. Waweke gati linaloelea linalopanda na kushuka na maji, choo, jaketi okozi, na muuguzi anayejua kichocho. Kwa wanafunzi na kwa wakazi wa wilaya zilizo chini ya bwawa, kiingilio kiwe bure. Na getini kiwekwe kibao chenye maneno mawili ambayo mzee wa Mtera angeyashangaa: picha ruksa.